Shima Uta ya The Boom: kabla hujaupiga ukumbini, soma hapa kwanza

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo mawili. Kwanza, ule wimbo wa Kijapani wenye kinanda cha nyuzi chenye mlio mkavu, halafu ngoma na magitaa ya roki yanaingia kwa nyuma, na mwimbaji anapandisha sauti kama anayeita mtu aliye ng'ambo ya maji, unaitwaje na ni wa nani? Pili, rafiki yako anaoa Mjapani, kamati imekuomba uupige kwa gitaa wakati maharusi wanaingia ukumbini, je, unafaa? Wadau wengi hapo juu wamekujibu "ni wimbo wa mapenzi, piga tu mkuu". Mimi nitaenda kinyume nao kidogo. Nimesoma Okinawa, na huo wimbo ndio ulionipeleka kwenye darasa la sanshin, hicho kinanda unachokisikia.

Wimbo ni Shima Uta, bendi ni The Boom. Walikuwa vijana wanne walioanza mwaka 1986, wakijulikana kwa kupiga barabarani Harajuku, Tokyo, siku ambazo magari yalizuiwa kupita. Rekodi yao ya kwanza ilitoka 1989. Ukisikiliza kazi zao za mwanzo utakuta ska na rege zimechanganywa na roki, muziki wa kurukaruka tu, hakuna dalili kwamba siku moja watatoa kitu kama hiki. Mwimbaji na mtunzi ni Kazufumi Miyazawa, aliyezaliwa 1966 huko Kofu, mkoa wa Yamanashi. Fungua ramani uone: Yamanashi haigusi bahari popote, ni milima pande zote, Fuji ikiwemo. Okinawa ni visiwa vilivyo kusini kabisa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Tokyo. Kwa hiyo wimbo wa visiwani uliouzwa kuliko karibu zote umetungwa na mtu wa bara, tena bara la milimani. Shika hilo, tutalirudia.

Mwaka 1991 Miyazawa alikwenda Okinawa akatembelea makumbusho ya Himeyuri, mjini Itoman. Hapo wanakumbukwa wasichana wa shule waliopelekwa kuhudumia majeruhi wa jeshi la Japani kwenye mapango wakati wa vita vya Okinawa, 1945. Wanafunzi na walimu wao walikuwa 240. Waliokufa ni 136. Miyazawa alimsikiliza mmoja wa walionusurika akisimulia, akatoka pale na huu wimbo kichwani. Nimewahi kuingia humo na wanafunzi wenzangu wa kigeni. Kuna ukuta wa picha za wale wasichana, kila mmoja na jina lake na maelezo mafupi ya alivyokuwa: huyu mchangamfu, huyu hodari wa michezo, huyu mkimya. Ukitoka hapo hutaki stori na mtu.

Vita vyenyewe, kwa ufupi, maana shuleni kwetu tulivipita juu juu: Wamarekani walitua kisiwa kikuu tarehe 1 Aprili 1945, na mapigano yaliendelea hadi karibu na mwisho wa Juni. Waliokufa, ukijumlisha pande zote, wanazidi 200,000, na kwa Waokinawa inakadiriwa ni kama mtu mmoja katika kila wanne. Raia wengi walijificha mapangoni. Walikuwa wamefundishwa kwamba kutekwa ni aibu kuliko kifo, na wengine waligawiwa maguruneti na jeshi la nchi yao wenyewe ili wajimalize. Familia ziliuana humo ndani.

Sasa rudi kwenye maneno ya wimbo. Unaanza na maua ya deigo yanachanua, yanaita upepo, kisha tufani inakuja. Deigo ndiyo ua la mkoa wa Okinawa, jekundu, na mti wake ni wa jamii moja na huu wetu tunaouita mwambangoma. Wenyeji wana imani kwamba mwaka deigo ikichanua sana, vimbunga vitakuwa vikali. Mtalii anasikia habari ya maua na hali ya hewa. Lakini deigo huchanua kuanzia kama mwezi wa tatu hadi wa tano, na Aprili ile ndipo meli za kivita zilipoijaza bahari. Hiyo ndiyo tufani inayoimbwa. (Siku hizi miti yenyewe inasumbuliwa na mdudu anayeiharibu majani, amekuwepo huko tangu 2005, kwa hiyo usitarajie kuona ule wekundu wa kwenye kalenda.)

Halafu kuna ile mistari miwili ya katikati, na hii ndiyo hasa nataka uisikilize. Mwimbaji anasema walikutana kwenye shamba la miwa, na chini ya miwa wakaagana kwa milele. Wadau wanasoma tafsiri ya mtandaoni wanaona wapenzi wanaachana shambani, basi. Chini ya miwa ni mapangoni, mkuu. Mashamba ya kusini ya kisiwa yako juu ya mawe ya chokaa yaliyojaa mapango. Wanaoagana hapo ni watu waliokua pamoja, na namna wanavyoagana nimeshaieleza hapo juu.

Kuna ufundi wa muziki hapo ambao ukiwa mpigaji utauona haraka kuliko msikilizaji wa kawaida. Muziki wa asili wa Okinawa una skeli yake. Kwa lugha ya wanakwaya: do, mi, fa, so, ti, kisha do ya juu. Re na la hazimo. Jaribu sasa hivi kwenye gitaa, panda na kushuka mara mbili tatu, utasikia visiwa vimeingia chumbani. Beti za Shima Uta zimejengwa juu ya skeli hiyo, na kiitikio vilevile. Lakini ikifika ile mistari ya miwa, Miyazawa anaiacha. Re na la zinaingia, ladha ya visiwani inapotea, na unasikia muziki wa kawaida wa Tokyo. Baada ya miaka mingi alieleza mwenyewe hadharani kwa nini: watu wale walisukumwa kuuana na Japani, kwa mafunzo yake na jeshi lake, hivyo hakuona haki kukitia kifo chao ndani ya sauti ya Ryukyu, jina la kale la visiwa hivyo. Kwangu mimi hapo ndipo ukubwa wa huu wimbo ulipo. Amelitia shtaka ndani ya noti zenyewe, na mamilioni wameliimba karaoke bila kulistukia. Mwenzangu wa bwenini, mtu wa Osaka, aliujua tangu utotoni, wote kwa kichwa, na hilo hakuwahi kulisikia hata siku moja. Nilipomwonyesha kwa gitaa alinyang'anya gitaa akajaribu mwenyewe.

Darasa letu la sanshin lilikuwa la mtaani, jioni, kwa mzee mmoja mstaafu ambaye alikuwa na mikono migumu kama ya fundi seremala. Sanshin ina nyuzi tatu, haina vigawanyo vya noti kama gitaa, kwa hiyo aliyewahi kushika udi atazoea upesi. Tumbo lake limewambwa ngozi ya chatu, na kidole cha shahada unakivalisha pembe ya nyati inayofanya kazi ya risha. Mkono wa kushoto unatumia shahada, cha kati na kidogo. Cha pete kinapumzika. Kila ukimaliza unalegeza daraja la nyuzi uliondoe juu ya ngozi, la sivyo ngozi inabonyea. Msimu wa mvua mzee alikuwa anaigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza kama imelegea, ndipo anakuruhusu ukae.

Sisi wageni mzee hakutupatia za chatu. Alitupatia kankara, sanshin ya kopo. Hii nayo ni historia ya vita: baada ya mapigano watu waliwekwa kwenye kambi za Wamarekani, vinanda vyao vimeungua, wakachukua makopo ya chakula, mbao za vitanda na nyuzi za kamba za parachuti wakatengeneza vipya. Mimi niliyekulia kwenye magitaa ya galoni ya watoto wa mtaani niliona niko nyumbani. Tulianza na Asadoya Yunta, wimbo wa kale ambao karibu kila anayejifunza hupitia. Shima Uta alikataa kata kata hadi tuweze kuimba huku tunapiga. Tulipoufikia, kwenye mistari ya miwa alitoa amri moja tu: hapo msiweke madoido. Kwingine kote alipenda sauti iteteme, ivutwe, ipandishwe ghafla. Hapo alitaka noti kavu kama zilivyoandikwa.

Nimesema tutarudi kwa mtu wa milimani. Wimbo ulitoka kwanza Januari 1992 ndani ya albamu ya Shishunki. Wakaurekodi tena kwa lugha ya Okinawa, singo hiyo ikatoka Desemba 1992 na kuuzwa Okinawa peke yake. Toleo la nchi nzima lilikuja Juni 1993, ndilo lililouza nakala zaidi ya 1,500,000. Ucheleweshaji ule una sababu. Okinawa ilikuwa ufalme wa Ryukyu hadi Japani ilipoumeza mwaka 1879. Baada ya vita ikatawaliwa na Marekani hadi 1972, na kambi za kijeshi zipo mpaka leo. Miyazawa alisita: mtu wa bara ana haki gani kuimba machungu ya visiwa ambavyo bara lilivitoa kafara? Shoukichi Kina, mwanamuziki mkubwa wa Okinawa, ndiye aliyemtia moyo auimbe. Wapo wengine wa huko waliona ni wizi. Mzee wetu alikuwa katikati: aliufundisha, lakini kwenye orodha yake ya nyimbo za visiwa hakuuandika. Mimi naona Miyazawa alilipa deni lake. Hata baada ya bendi kuvunjika mwaka 2014 hakuondoka. Yumo kwenye mradi wa kijiji cha Yomitan, huko Okinawa, ulioanza 2012, wa kupanda miti ya kuruchi, ile mbao nyeusi inayotengenezwa mkono wa sanshin, ambayo inachukua miaka kama mia kukomaa. Sisi tunaoona mpingo wetu ukienda ng'ambo kuwa klarineti tuna la kujifunza hapo, ila huo ni uzi mwingine.

Kuna mdau kauliza kama ni kweli wimbo uliimbwa na Waargentina. Ni kweli. Alfredo Casero, mchekeshaji wa huko, aliurekodi kwa Kijapani kilekile, ukawa maarufu sana, hadi ukawa wimbo wa kuishangilia timu yao Kombe la Dunia la 2002 kule Japani na Korea. Timu ikatoka hatua ya makundi, lakini wimbo ukabaki. Na haukuwa mgeni kabisa kule: Wajapani wengi waliohamia Argentina asili yao ni Okinawa.

Haya, harusi. Kwanza muulize bibi harusi kwao ni wapi hasa. Kama ni wa Tokyo au Osaka, huenda atafurahi na hatawaza lolote. Kama ana ndugu wa Okinawa watakaokaa meza ya mbele, usithubutu kuingizia maharusi kwa wimbo wa watu wanaoagana pangoni. Harusi nilizoalikwa kule zilifunguliwa kwa ngoma ya Kagiyadefu, ya heshima na polepole, na kufungwa kwa kachashi, ambapo bibi na babu, wahudumu na wageni wote wananyanyua mikono juu na kuipepea. Kachashi MC wenu anaweza kuifundisha ukumbi mzima kwa dakika moja, na kwa watu wetu wanavyopenda kuinuka, itakubali.

Ukitaka roki ya Okinawa yenye mapenzi ya kweli, tafuta Chiisana Koi no Uta ya MONGOL800, bendi ya pale pale visiwani, iliyomo kwenye albamu yao ya 2001. Albamu hiyo ilishika namba moja Japani bila kuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Kodi zake ni rahisi, kiitikio kinashikika haraka, na Mjapani yeyote wa rika la kuoa ataimba nawe. Usije ukaletewa wimbo wa Nada Sousou kwa sababu ni tamu na ya polepole. Ile ni ya kumlilia marehemu.

Shima Uta jifunze vilevile, lakini kwa ajili yako. Anza kwenye C, funga kepo (kile kibanio cha shingo ya gitaa) baadaye kulingana na sauti yako, maana kiitikio kinapanda juu na wengi wanavunjikia hapo. Beti za mwanzo usizijaze kodi. Piga melodi kwa nyuzi mbili za juu, acha besi moja tu chini. Ukifika kwenye miwa ndipo uweke kodi kamili, moja kwa kila pigo, bila kuzikatakata. Ukikwama tuma sauti hapa, nitakuambia ni noti ipi umeikosa.