Muulize Yaya: Nitachezaje na mtoto na mimi niko mtu mkubwa?

*Jambo sana Yaya. Niko papa wa batoto batatu, tunaishi Katuba. Kazi yangu iko mu kariere, kule banachimba mawe ya madini, upande wa Kolwezi, ninakaa kule wiki mingi, kisha ninarudi nyumbani siku kidogo tu. Kila nikirudi ninaleta mikate, biskuiti, hata baiskeli nilimununulia mutoto wa kiume mwenye iko na miaka sita. Lakini ananiamkia sawa vile anaamkia pasta, "jambo papa", kisha anakimbia kwa mama yake. Juzi nilikaa chini nikasema basi tucheze, akaniangalia tu, na miye sikujua niseme nini, nikamuuliza masomo inaenda namna gani. Zamani nilikuwa naunda mutuka ya waya kupita batoto bote ba avenyu, leo kichwa imekauka. Tena bibi yangu, mama wa batoto, anasema mutu mukubwa kucheza mu vumbi ni haya. Nifanye nini?*
*Papa wa Katuba*

Aksanti papa kwa barua. Kwanza nikuambie, kilichoua mchezo ni lile swali la masomo, wala si umri wako. Mtoto akisikia swali la namna hiyo anakaa wima kama yuko darasani na pale mambo yamekwisha hata hayajaanza. Watu wakubwa wengi tuko hivyo, tukicheza na mtoto lazima tumfundishe kitu, hesabu, rangi, adabu, Kifaransa, kisha tunashangaa mbona amekimbia.

Sasa wewe uko na bahati kuliko unavyofikiri, juu mikono yako inajua mutuka ya waya. Usinunue kitu. Tafuta waya mnene wa bodi na mwembamba wa kufungia, tafuta pensi (koleo) ya kukunjia, tafuta ndara ya zamani ukatie magurudumu, na usisahau ule waya mrefu unaopanda mpaka mkononi na usukani wa duara kule juu. Kaa kwenye kivuli uani, ndani ya parseli yako, uanze kukunja. Usimuite. Atakuja mwenyewe, kwanza atasimama mbali, kisha karibu, kisha atauliza. Akifika mpe kazi ya kweli, ashike waya wakati unakunja, achague yeye kama ni lori au ni basi, na kama gurudumu lake linaenda upande liache liende upande, papa, nakuomba, hapo ndipo wababa wanaharibu, wanamnyang'anya mtoto pensi ili gari itoke nzuri na mtoto anabaki mtazamaji wa mchezo wake mwenyewe.

Gari ikiisha muulize swali moja tu: huu mzigo unaenda wapi? Mtoto wa Lubumbashi anaweza kukuambia Kasumbalesa, au Kolwezi kule kwa papa, juu toka azaliwe anaona malori yanapita. Na hapo wewe usiwe dereva. Usiwe bosi wa kampuni wala polisi wa barabarani. Kuwa konvoyeri, yule msaidizi wa dereva. Dereva ni yeye, konvoyeri anapanda nyuma, anapiga bodi "twende!", anashuka kuangalia matairi, anatumwa maji. Dereva akisema foleni ya mpakani ni ndefu leo tunalala hapa, tandika mkeka ulale. Akisema shimo, yumba. Akisema hili jiwe ni mfuko wa mahindi kutoka Zambia, basi ni mahindi, ubebe mgongoni na uone uzito wake, mpaka yeye mwenyewe aseme sasa ni kitu kingine.

Naona hii ndiyo kazi yenyewe na ndiyo sehemu ngumu. Kutwa nzima mtoto anaambiwa kaa, toka, nyamaza, oga. Leo kuna mtu mkubwa, tena yule anayemkosa wiki nyingi, ameingia kwenye dunia yake na anafuata sheria za dunia hiyo. Baiskeli haiwezi kumpa kitu hicho. Na usishangae kama katikati ya safari dereva anakutolea neno ambalo hajawahi kukuambia, kwamba anaogopa mwalimu fulani, au usiku anaota umeangukiwa na mawe kule kariere. Watoto wanasema mambo mazito wakiwa wameshika kitu mkononi na wewe humkazii macho. Akikuambia, usisimamishe mchezo umkalishe kitako kwa mawaidha, mjibu ukiwa bado konvoyeri: "Chefu, na mimi konvoyeri wako naogopa wakati mwingine, lakini kwenye gari hii tuko wawili."

Ile ya kichwa kukauka isikutishe. Waulize wazee wa hapa kwetu, wanalikumbuka kundi la maigizo la Groupe Mufwankolo kwenye redio na televisheni. Wale hawakuwa wanasoma maneno kwenye karatasi, walikuwa wanakubaliana kisa, kila mtu anajua yeye ni nani, chefu, bibi wa chefu, mlevi wa kijiji, kisha maneno yanazaliwa palepale mmoja akimjibu mwenzake. Bila kumsikiliza mwenzako huwezi kazi ile. Na wewe ni hivyo hivyo, wazo analo dereva, wewe jibu alichokisema yeye, usilete chako.

Kuhusu bibi na haya, ungeweza kumwambia kwamba mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za mtoto wa 1989, kifungu cha 31, umetaja kucheza kabisa kama haki, na kwamba toka 2024 kila tarehe 11 Juni ni siku ya kimataifa ya kucheza. Lakini mama wa nyumba hashindwi na karatasi. Mpe fasi ndani ya mchezo, awe yule mama anayeuza bukari, ugali, pale mpakani, dereva na konvoyeri wanafika na njaa. Atakataa mara ya kwanza, usimlazimishe, endeleeni tu, kicheko chenu kitamleta mlangoni.

*Jambo Yaya. Nilikuja Lubumbashi toka Bukavu kwa kufuata bwana, tuko Kampemba. Mu parseli na majirani ya karibu tuko na likelemba ya bamama, kikundi cha kupokezana pesa, mwisho wa mwezi tunaketi, tunatoa pesa, tunalia bei ya makala na minervali ya masomo ya batoto, kisha kila mutu anarudia kwake. Banacheka Kiswahili yangu. Sina hata rafiki moja wa kumwambia neno. Nataka tuwe bandugu, si watu wa pesa tu.*
*Mama Bukavu*

Mama, nzango unaijua. Binti gani wa Congo hajaruka nzango kwenye kiwanja cha shule, timu mbili zimeelekeana, makofi, wimbo, mnaruka pamoja na kila mmoja anatupa mguu mbele, kisha mnaangalia miguu imekutanaje na nani amepata poenti. Watu wanadhani ni ya wasichana wadogo lakini si kweli, siku hizi kuna timu za wamama wazima, na mwaka 2015 kwenye michezo ya Afrika kule Brazzaville nzango ilichezwa kama mchezo wa maonyesho mbele ya bara zima. Basi siku ya likelemba, pesa zikishahesabiwa na kabla watu hawajainua viti, simama useme kule Bukavu sisi tulikuwa tunaimba wimbo huu, uimbe, upige makofi, uvue ndara. Atasimama mmoja. Mara nyingi ni yule mnene anayecheka sana, ukimpata huyo umepata kundi zima.

Kwa nini mchezo na si mazungumzo? Juu kwenye mazungumzo wewe ni mgeni na Kiswahili chako kinapimwa. Kwenye nzango wote wanaangalia miguu, hakuna anayekuangalia wewe. Kuna mama mmoja wa Marekani aliyeitwa Viola Spolin aliliona jambo hili mbali sana na huku. Alijifunza michezo kwa Neva Boyd kule Hull House, Chicago, nyumba iliyokuwa inapokea wahamiaji, na mwishoni mwa miaka ya 1930 alikuwa anafundisha maigizo kwa watoto wa wahamiaji ambao hata lugha zao na desturi zao zilikuwa mbalimbali. Hotuba zingewachosha, kwa hiyo akatunga michezo, kila mchezo uko na kitu kimoja cha kukazia akili, kama mpira ambao haupo lakini wote lazima wauone ukipita toka mkono hadi mkono. Mtoto akiufuata ule mpira anasahau kuogopa wenzake. Michezo yake ikazaa namna nzima ya maigizo ya kutunga palepale, na mwanawe Paul Sills alikuwa kati ya walioanzisha Second City, kundi la maigizo ya kuchekesha la Chicago, mwaka 1959. Na huo mpira usiokuwepo mnaweza kuurusha hata nyinyi, mkiwa mmekaa na watoto mgongoni, jaribuni, mmoja aseme sasa umekuwa mzito kama jiwe, mwingine aseme sasa ni wa moto, mtaona mama mtu mzima anavyopuliza vidole.

Lile la kuchekwa, ingia kwenye utani na wewe, cheka chao wanavyokisema, wako na mengi ya kuchekwa. Lakini utani ni wa kwenda na kurudi. Kama wewe unachekwa tu na ukijibu wananuna, huo si mchezo, mwambie mmoja wao kando na kwa upole kwamba unaumia, mchague yule mwenye moyo.

*Yaya, papa yetu alifanya kazi kwenye reli, sasa iko pensheni. Toka mama alipofariki hasemi, ni "ndiyo" na "apana" tu. Tunakaa komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, niko na mutoto wa kike wa miaka nane. Tumwongeleshe namna gani?*
*Binti*

Pole sana mwanangu kwa mama. Msimwombe aongee, kuombwa kuongea kunachosha mtu mwenye huzuni. Mchimbieni kisolo chini ya mti, ile mistari yake minne ya vishimo, mtafute mbegu, kisha umtume mtoto aseme, "Babu, mama hajui kucheza hii, nifundishe." Kwenye kisolo watu wanakaa kimya na bado wako pamoja, na kimya hicho hakimlemei mtu.

Halafu mruhusu mtoto amtanie. Desturi zetu ziliona zamani kwamba mtu mkubwa anahitaji fasi ya kucheza, ndiyo maana babu na mjukuu wana ruhusa ambayo wewe huna, yeye anaweza kumwita mjukuu bibi yake na mjukuu akamjibu kwamba hataki kuolewa na mzee asiye na hata sukari nyumbani. Kwa Wabemba utani unafika mpaka kwenye koo, ukoo wa chui na ukoo wa mbuzi wanataniana, ukoo wa mamba na ukoo wa samaki pia, na mtani anakuja kwenye kilio kusaidia kuzika na palepale anatoa maneno ya kuchekesha na hakuna anayekasirika. Kama papa yako alikuwa na mtani wa namna hiyo kwenye ile kazi ya reli au kwenu kijijini na bado yuko hai, mtafuteni, mlipieni nauli, aje ashinde siku nzima.

Ila angalia hili: kama hali chakula, halali usiku na anakonda, mchezo uendelee lakini mpeleke kwa daktari wiki hii hii, na uende naye mwenyewe.