Re: Daftari la nukta linanishinda kila wiki ya pili

Habari dada. Umesema mwanzo wa mwezi unachora kurasa nzuri kwenye daftari la nukta (bullet journal, yaani daftari la kupangia kazi kwa alama fupi), halafu wiki ya pili daftari linalala kabatini. Kwanza angalia hili: unachora kwa muda gani kabla hujaandika kazi hata moja? Ryder Carroll, mbunifu wa utaratibu huu, alipoutoa mwaka 2013 haukuhitaji maua wala rangi. Nukta ni kazi, duara ni tukio, kistari ni dokezo. Kazi ikiisha, nukta inageuzwa X. Ukiisogeza mbele, inakuwa >.

Mimi huandika kwenye daladala nikipata kiti. Luku, mchango wa kikoba, nguo kwa fundi, kila kitu mstari mmoja. Mwisho wa mwezi nahamisha yaliyobaki kwa mkono, na faida kubwa iko hapo hasa: kazi ninayoona uvivu hata kuinakili upya, naikata. Siihitaji.

Kuchora usiache, naomba sana, ndiko kunakolifanya daftari liwe lako. Kutengee kurasa za nyuma, siku ya Jumapili. Na daftari la hesabu la vijumba kutoka Kariakoo linatosha kabisa, ila tumia penseli za rangi, maana wino wa kalamu za maka unapenya upande wa pili.