Matema hadi Lupingu kwa Miguu: Soma Hii Kabla Hujaniomba Ratiba

Wiki hii kijana mmoja wa Iringa kaniandikia: "Kaka shikamoo. Naomba ratiba ya kutembea kandokando ya Ziwa Nyasa, Matema mpaka Lupingu. Siku tano zinatosha? Likizo nimeshaomba."

Marahaba mdogo wangu. Likizo umeomba, hongera, lakini hujaniuliza ukiteguka mguu siku ya pili utatokea wapi. Kwangu mimi safari ile inapangwa kuanzia hapo. Siku zitajihesabu zenyewe.

Kwa wasiopajua: ukitoka Mbeya unashuka na migomba ya Tukuyu hadi Kyela, unapita Ipinda, unafika Matema. Ya njiani hayana la kusimulia, Coaster ni Coaster. Upande wa Kyela ni tambarare, mpunga na kokoa. Matema ndipo tambarare inapoishia. Milima ya Livingstone, ambayo vilele vyake vinazidi mita 2,000, inateremka na kuzama majini bila hata kukuachia pa kuweka hema. Kuanzia hapo kuelekea Lupingu, wilayani Ludewa, ufukwe haufuatani. Unatembea mchangani, mwamba unakukatia njia, unapanda kichakani, unateremkia kijiji kingine. Kwenye simu unauona mstari umenyooka pembeni ya maji na wewe unausadiki! Mimi naulizia saa, siyo kilomita, na namuuliza mtu aliyepita njia hiyo juzi akiwa na mzigo.

Kwa hiyo cha kwanza ninachoandika ni pa kutokea. Kwa sehemu kubwa ya mwambao ule usafiri ni mtumbwi, boti au miguu yako. Meli ya MV Mbeya II hupita bandari za huko, lakini ratiba yake iulize bandarini wiki ile ile unayosafiri, usichukue ya mwaka jana kwa rafiki. Jumamosi kuna soko la vyungu pale Lyulilo, Matema, na mitumbwi ya Wakisi, wafinyanzi wa mwambao ule, inakuja na mali kisha inarudi kijijini kwao Ikombe. Panga kuwa Matema siku hiyo. Hata kama huna nia ya kupanda mtumbwi, utakuwa umewajua wenye mitumbwi, na siku ukikwama utajua umtafute nani.

Halafu majira. Sisi watu wa nyanda za juu tunajua mvua ikikatika Mei, njia imekauka. Ziwa lina hesabu zake. Maji ya mito yote yanakusanyikia kule, hivyo linajaa hasa mvua zinapoishia, Aprili na Mei, ndipo linapungua taratibu hadi karibu na mwisho wa mwaka. Mchanga uliotembelea Oktoba, Mei unaweza kuukuta chini ya maji. Juni na Julai upepo wa kusini unalichafua ziwa. Mimi naenda Septemba au Oktoba, joto nalivumilia.

Kuna safari naionea fahari mpaka leo. Tulikuwa Ikombe na marafiki zangu, tukihitaji mtumbwi wa kuvuka kipande ambacho mwamba umeziba. Mzee mwenye mtumbwi akatazama maji, akasema, "Leo hapana, wanangu. Kesho alfajiri, upepo haujaamka." Wenzangu wakanuna, mmoja akaanza kuongeza dau. Nikakataa katakata. Tukashinda pale tukiwaangalia akina mama wakifinyanga. Hakuna gurudumu la mashine. Chungu kinakaa juu ya kigae, mkono mmoja unakizungusha, mwingine unapandisha udongo, kisha kikishakauka kidogo kinasuguliwa kwa kokoto hadi kinang'aa kabla ya kupakwa rangi. Mama mmoja aliniachia kokoto yake nijaribu, akanipokonya haraka nisimharibie kazi. Alfajiri tukavuka maji yakiwa yametulia tuli. Leo hao marafiki wakisimulia, kusubiri lilikuwa wazo lao. Sawa.

Hilo ni dogo. Kuna watu wa mjini, siwataji, wenye biashara ya kutembeza wageni. Waliniomba daftari langu: vijiji, saa, majina ya wenye mitumbwi. Nikawapa, kwa moyo. Wakaitangaza njia kama yao, bei juu, wakapeleka watu Aprili. Mwezi wa Aprili! Waliporudi na boti baada ya siku chache wakasema njia haipo, ni hadithi za yule jamaa. Ukurasa wa majira walikuwa nao, niliuandika kwa wino mwekundu.

Ndiyo maana siku hizi sitoi ratiba, natoa maswali. Na vijana wa sasa mnisamehe, mnataka picha ya miguu mchangani kabla hamjamsalimia mtu. Ukiingia kijiji, ofisi ya mtendaji kwanza. Jitambulishe, sema unalala wapi na unaelekea wapi. Ule ni mpaka na Malawi, mgeni mwenye begi kubwa na kamera anaulizwa, na ana haki ya kuulizwa. Salimia wazee, ongea na mvuvi, muulize mwenyeji. Nimesema muulize mwenyeji? Muulize tena jioni, maana ya asubuhi yameshabadilika.

Mengine unayajua. Chandarua na dawa: sisi tuliokulia kwenye baridi ya Mbeya na Makete malaria ya ziwani hutukuta wepesi. Kuoga, usioge kwenye maji yaliyotuama penye matete, kichocho kipo, na kwenye mdomo wa mto kama Lufilyo kuna mamba. Beba fedha taslimu za noti ndogo. Chakula usibebe kama unahama, mchele na dagaa utavikuta.

Siku tano, basi? Weka mbili za ziada za kukaa bure, na mwambie bosi wako mapema. Ukifika Lupingu, kabla hujashusha begi, ulizia gari la kupanda Ludewa mjini linaondoka saa ngapi.