Saa moja ya chakula: ni yako au ya duka?

SWALI: Nauza vyombo katika duka moja hapa Mwanjelwa, Mbeya. Tuko wauzaji watatu. Tunaingia saa 2 asubuhi, tunafunga saa 2 usiku, kisha tunahesabu fedha hadi saa 2:40, siku sita kwa wiki. Chakula cha mama ntilie tunakilia nyuma ya kaunta. Mteja akiingia, unaacha sahani. Bosi anasema hayo ndiyo mapumziko. Ni sawa?

JIBU: Si sawa. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinampa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mkiingia saa 2 asubuhi, wa mwisho kupumzika aanze saa 7 mchana. Kusubiri hadi saa 10 eti wateja wapungue ni kuchelewa.

Ni kweli mwajiri halazimiki kulipia saa hiyo, na wenye maduka wengi huishia kusoma hapo. Sheria inaendelea: akikutaka ufanye kazi, au ukae tayari kuifanya, anailipia. Tena anaweza kukutaka hivyo pale tu kazi isipoweza kuachwa au asipokuwepo mwingine wa kuifanya. Ninyi mko watatu.

Ila chakula ndiyo shida ndogo. Mnavyofanya sasa ni saa 12 na dakika 40 kwa siku, na sheria hairuhusu kuvuka 12. Hata mkipewa saa nzima ya kula na kuhesabu fedha kukaisha saa 2 kamili, zinabaki saa 11 mara siku 6, yaani 66. Wengi wanakumbuka kikomo cha saa 9 kwa siku, wanasahau cha 45 kwa wiki. Ziada yenu ni 21 kwa wiki, 84 kwa wiki nne. Kikomo ni 50, tena kwa makubaliano. Kwa hiyo kulipa ziada peke yake hakutoshi, bosi apange zamu.

Malipo hukokotolewa hivi: mshahara wa msingi wa mwezi gawanya kwa 4.333 (wastani wa wiki za mwezi), kisha kwa saa 45. Wa 390,000 anapata shilingi 2,000 kwa saa, na saa ya ziada isipungue 3,000. Zile dakika 40 za kuhesabu ni kazi ya usiku, yenye nyongeza ya asilimia 5, na zinakula pumziko la saa 12 kati ya siku na siku: mnabaki na 11 na dakika 20.

Andika kwenye daftari kila siku: kuingia, kula, kutoka. Mazungumzo yakishindikana, nenda kwa Afisa Kazi wa mkoa, au fungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kwa fomu CMA F.1 ndani ya siku 60.

SWALI: Nina duka la vifaa vya ujenzi Makambako, wafanyakazi wawili. Mmoja akienda kula, droo ya fedha nani ataishika?

JIBU: Yule wa pili. Mkifungua saa 1 asubuhi, mmoja ale saa 5, mwingine saa 6. Kinachowagombanisha watu ni upungufu usio na mwenyewe, basi kabla ya kupokezana wahesabu droo pamoja, waandike kiasi na kusaini wote. Kwenye mashine ya risiti za kodi (EFD) msitoe ripoti ya Z katikati ya siku, hiyo inafunga siku. Wawekee pia viti na hotipoti mbali na kaunta. Kwa baridi ya Makambako mwezi wa Juni, ugali haungoji mtu.

SWALI: Niko Iringa, nimerudi dukani kutoka likizo ya uzazi. Muda wa kunyonyesha unakatwa kwenye saa yangu ya chakula?

JIBU: Haukatwi. Sheria inakupa muda wa kunyonyesha usiozidi jumla ya saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Saa ya chakula inabaki pale pale. Kubalianeni kwa maandishi ni saa ngapi utatoka, ili zamu ya mwenzako ipangwe mapema.