Kabla ya Kutuma Ujumbe, Uliza Simu Ni ya Nani

Juzi kijana mmoja wa Koboko, huku kwetu Uganda, aliniandikia: "Kaka, nimeunda programu ya kuwakumbusha wagonjwa wa kifua kikuu kumeza dawa. Nifanyeje hospitali wanikubalie?" Ujumbe wake nimeusoma mara nne. Kijana huyo ni mimi wa mwaka 2019, na najua nyote mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo, kwa hiyo namjibu mbele yenu.

Nilikuwa nimemaliza chuo Kampala, nikarudi nyumbani Arua na laptopu moja na modemu moja. Dada yangu ni mkunga katika kituo cha afya cha ngazi ya tatu, nje kidogo ya mji. Siku moja alinionyesha daftari la kliniki ya wajawazito. Hudhurio la kwanza majina yamejaa ukurasa; la nne, ya kuhesabu kwa vidole. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonwe angalau mara nane. Nikasema, hili nalimaliza kwa meseji.

Sikuwa nabahatisha. Mwaka 2011 Wizara yetu ya Afya na UNICEF walianzisha mTrac, wahudumu wa vituo wakawa wanatuma ripoti za magonjwa na akiba ya dawa kwa meseji ya kawaida, kwa simu ndogo ya tochi, bila intaneti. Nikaandika programu kwa wiki tano. Msimamizi wa kituo alinipa ruhusa kwa mdomo. Dada akanisomea namba daftarini, nami nikaziingiza za wajawazito wote, na za akina mama wa kliniki ya ARV, yaani dawa za virusi vya UKIMWI, pia, maana nilitaka kazi ionekane kubwa.

Jumanne ya kwanza mabenchi yalijaa, wengine wakakaa chini ya mwembe. Asubuhi ile najivunia mpaka leo.

Jumanne ya tatu akaja mama mmoja, kitenge amekivuta mpaka machoni. Hakupanga foleni. Alikwenda kwenye meza ya dada, akaomba daftari lifunguliwe, akaweka kidole juu ya namba, akasema, "Futa." Dada akapiga mstari kwa kalamu. Mama akasema, "Tena." Ukapigwa wa pili, na wa tatu, mpaka tarakimu zikawa hazisomeki, ndipo akauachia ukingo wa meza. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba. Ujumbe wangu ulisema: "Tunakukumbusha kuja kuchukua dawa zako Jumanne." Simu ilikuwa ya mumewe. Mumewe hakuwa anajua kuhusu dawa zozote.

Msimamizi alinitoa kituoni mbele ya wagonjwa, akasema hanijui wala hakuwahi kunikubalia. Hilo linaniuma bado. Lakini hata angesimama nami, kosa lilikuwa langu. Mwaka uleule wa 2019 tulipata Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, inayoiweka hali ya afya ya mtu kwenye taarifa zenye ulinzi wa pekee, na mimi, msomi wa kompyuta, sikuwa nimeifungua.

Dada ndiye aliyenirudisha, baada ya kuniombea kwa msimamizi. Safari hii laptopu niliiacha nyumbani. Nilikaa miezi mitatu pembeni ya meza yake, kazi yangu kubeba madaftari na kusikiliza. Yeye akawa anamuuliza kila mama peke yake, kwa Kilugbara au Kiswahili: simu hii ni ya nani? Nani mwingine anasoma meseji? Majibu yalinifundisha kuliko chuo. Kusajili laini kwetu kunataka kitambulisho cha taifa, na mwanamke asiye nacho hutumia laini yenye jina la mume, la shemeji au la mwanawe. Wengine walitoa namba ya jirani mwenye sola, kwa sababu kwake ndiko wanakochajia.

Tulipoanza upya, kila mama alichagua maneno yake, na asiyetaka hakuandikwa. Mmoja alichagua "Shangazi anakusalimia." Ikifika hiyo, anajua kesho ni kliniki, na anayeichungulia haoni ila salamu. Wapo waliosema bora mhudumu wa afya wa kijiji apite nyumbani, tukakubali. Mabenchi hayajajaa kama Jumanne ile. Wanaokuja, wanakuja kwa usalama.

Sasa ndugu yangu wa Koboko, na wengine wenye haraka kama yako. Uliza simu ni ya nani. Uliza tena baada ya mwezi, maana laini hubadilisha mikono. Omba ruhusa ya maandishi, kutoka kwa kituo na kutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida humezwa miezi sita au zaidi, na wapo wanaowaficha hata wanaolala nao nyumba moja. Neno "kifua kikuu" lisitokee kwenye kioo cha simu ya mtu yeyote. Usitafute kukubaliwa na hospitali kabla hujakubaliwa na mgonjwa. Mwili wa mtu si uwanja wa kujaribia programu!

Siku ya kliniki nenda mapema, na daftari la kawaida na kalamu. Mwombe muuguzi akuruhusu ukae pembeni, na wagonjwa waridhie. Ukisikia watu kumi, niandikie walichokuambia, bila majina yao. Hapo nitakuunganisha na dada yangu.