Siku Arobaini: Maji ya Moto, Titi Lenye Jiwe na Maswali Mengine ya Mzazi

Maswali ya safari hii yametoka kwa akina mama walio ndani ya arobaini au walioipita karibuni, na moja ni la baba. Tumeyafupisha bila kugusa kiini chake.

Nina siku tano tangu nijifungue kwa njia ya kawaida, na nimeshonwa. Mama mkwe amekuja kutoka Lushoto. Kila asubuhi ananikanda tumbo kwa maji yanayofuka mvuke, kisha ananikalisha juu ya ndoo. Anasema damu chafu isipotoka nitabaki na tumbo. Naogopa kumkatalia. (Mzazi wa kwanza, Tanga)

Tuanze na tumbo lenyewe. Kondo la nyuma likishatoka, mfuko wa uzazi huwa usawa wa kitovu, mgumu kama embe bichi. Kuanzia hapo hushuka karibu upana wa kidole kimoja kwa siku, na ikifika siku ya 10 hadi ya 14 huupapasi tena juu ya kinena. Kazi hiyo hufanywa na misuli ya mfuko wenyewe ikiamshwa na homoni ya oksitosini, ambayo humwagika kila mtoto anaponyonya. Ndiyo maana akishika titi tu unasikia tumbo linanyonga. Hilo ndilo chango la uzazi. Huuma siku mbili tatu za mwanzo, na kwa aliyekwisha zaa kabla huuma zaidi. Maji ya moto hayafiki huko. Yanaishia kwenye ngozi.

Damu chafu nayo haipo. Kinachotoka ni utando wa mfuko wa uzazi pamoja na damu ya pale kondo lilipokuwa limeshika. Kama kuna kipande cha kondo kilichobaki, hakuna taulo litakalokitoa. Hicho hutolewa hospitali, na kukaa nyumbani ukikandwa huku kimebaki ndani ndiko kunakoleta homa na damu nyingi.

Hasara tunazoziona ni mbili: ngozi kuungua, na mshono unaokaa kwenye joto na majimaji kulainika hadi kufumuka. Aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe tumbo kabisa, maana kuzunguka kidonda pana ganzi. Ataungua bila kusikia.

Taulo la uvuguvugu mgongoni, mabegani na miguuni halina ubaya, na linaliwaza mwili. Kipimo chake: tia ndani ya maji upande wa ndani wa kifundo cha mkono kwa sekunde kumi. Ukiuvuta, ni ya moto mno. Mshono uoshe kwa maji safi kila utokapo chooni, ukianzia mbele kwenda nyuma, ukaushe kwa kugusagusa na kitambaa safi bila kusugua, na ubadili pedi kila baada ya saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa. Dawa ya kuua vijidudu isiingie kwenye beseni, inaunguza nyama mpya. Chumvi kidogo haidhuru, ila haifanyi kitu ambacho maji matupu hayafanyi.

Mama mkwe hajaja kukudhuru, anakufanyia alichofanyiwa. Mpe kazi zake zilizo bora zaidi: mtori, uji wa pilipili manga, kufua nepi, kumshika mtoto mchana ili ulale. Kisha nenda naye kliniki wiki hii hii, amsikie mkunga kwa masikio yake. Neno likitoka kwa mkunga, wewe hutaonekana umemkatalia. Na kule kukulaza ndani siku arobaini usifanye kazi nzito, hapo yuko sahihi kabisa.

Damu ilikuwa imepungua hadi rangi ya kahawia. Siku ya 12 nimefua, nimechota maji, na jioni imerudi nyekundu. Ni hedhi? (Morogoro)

Si hedhi. Kati ya siku ya 7 na ya 14 gaga la pale kondo liliposhika huweza kubanduka, na damu ikarudi kidogo, hasa ukijitumikisha. Lala, kojoa mara kwa mara maana kibofu kilichojaa huzuia mfuko wa uzazi kujikaza, na nyonyesha. Ikipungua ndani ya siku moja, basi. Mpangilio wa kawaida ni nyekundu siku 3 hadi 4, kisha kahawia au waridi hadi kama siku ya 10, kisha ute mweupe au wa njano ambao unaweza kwenda hadi wiki ya 6.

Usisubiri asubuhi ukiona lolote kati ya haya: pedi inalowa yote ndani ya saa moja, bonge kubwa kama yai la kuku, harufu ya kuoza, homa ya nyuzi 38 au zaidi, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kichwa kinachogonga pamoja na kuona giza au vimulimuli ni dalili ya shinikizo la damu, na kifafa cha mimba huweza kuja hata wiki kadhaa baada ya kujifungua.

Titi la kushoto limevimba, lina kitu kigumu kama jiwe, ngozi nyekundu, na jana usiku nilitetemeka kwa homa. Dada yangu ananikanda kwa chanuo la moto ili jiwe liyeyuke. Niache kumnyonyesha upande huo? (Dar es Salaam)

Usiache. Titi likiachwa limejaa, uvimbe unazidi, na mwisho wake ni jipu. Maziwa ya titi lenye uambukizo hayamdhuru mtoto.

Lakini chanuo liwekwe chini leo. Lile jiwe si maziwa yaliyoganda ya kusagwa. Sehemu kubwa ni nyama ya titi iliyovimba na kubana njia za maziwa. Kuikanda kwa nguvu kunaijeruhi na kuongeza uvimbe. Kinachosaidia ni baridi: kitambaa kilichoviringisha barafu, au jani la kabichi lililotoka kwenye friji, dakika 10 hadi 15 baada ya kunyonyesha. Kama maziwa yanagoma kutoka, kitambaa cha uvuguvugu kwa dakika mbili tatu kabla ya kunyonyesha kinatosha, na mkono upite juu ya ngozi kwa wepesi kama unavyompaka mtoto mafuta. Nyonyesha kama kawaida, usikamue kupita anachohitaji mtoto. Titi likizoea kukamuliwa sana linatengeneza mengi zaidi. Kwa maumivu na homa, parasetamo 1 g (vidonge viwili vya 500 mg) kila baada ya saa 6, isizidi 4 g kwa siku.

Dalili zikifikisha saa 24 bila nafuu, unahitaji antibayotiki. Wewe umeshatetemeka kwa homa, kwa hiyo nenda leo. Dozi uimalize hata ukijisikia umepona siku ya tatu. Uvimbe ukilainika katikati na kubonyea kama tunda bovu, hilo ni jipu, linatolewa usaha hospitali.

Kisha tazama chanzo, ambacho mara nyingi ni namna mtoto anavyoshika. Mdomo uwe wazi kama anapiga miayo, mdomo wa chini umepinduka nje, kidevu kimegusa titi, na weusi unaoonekana uwe mwingi juu kuliko chini. Akishika chuchu peke yake, chuchu inachubuka, maziwa hayatoki vizuri, na vijidudu vinapata mlango. Sidiria inayobana pia ina lawama yake.

Mtoto ana miezi mitatu, ananyonya tu. Bibi anasema nikikutana na mume wangu nitambemenda mtoto, yaani maziwa yataharibika naye atadhoofu. Na kwa kuwa sijaona siku zangu, je, siwezi kushika mimba? (Dodoma)

Mbegu za mwanamume haziingii kwenye maziwa kwa njia yoyote. Ila wazee hawakuota. Waliona mtoto aliyedhoofu mara baada ya wazazi kurudiana, na walichokiona ni kweli: mama alishika mimba nyingine mapema, mtoto akaachishwa titi kabla ya wakati, akapewa uji mwepesi, akakonda na kuharisha. Kosa lao lilikuwa kwenye sababu tu. Mnaweza kukutana damu ikiwa imekatika, mshono umepona na wewe mwenyewe uko tayari. Wengi huwa ni baada ya wiki 6. Ukavu ni jambo la kawaida kwa anayenyonyesha. Tumieni jeli ya maji kutoka duka la dawa, si mafuta ya mgando, maana hayo hupasua kondomu.

Kunyonyesha kunazuia mimba kwa takriban asilimia 98, lakini masharti yake ni matatu na yote yawepo kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya maziwa ya mama tu usiku na mchana, bila kuachana zaidi ya saa 4 mchana au saa 6 usiku. Likivunjika moja, kinga imekwisha. Yai hutangulia hedhi, kwa hiyo unaweza kushika mimba bila kuona siku hata mara moja. Kijiti unaweza kuwekewa wakati wowote baada ya kujifungua, kitanzi ndani ya saa 48 au kuanzia wiki ya 4, sindano kuanzia wiki ya 6. Vidonge vyenye homoni mbili visubiri miezi 6 kwa anayenyonyesha, kwani hupunguza maziwa. Omba vya homoni moja.

Likizo yangu ya siku 84 inaisha wiki ijayo. Nitakuwa mbali na mtoto kama saa 10 kila siku. Nitakamuaje, na maziwa yatakaa muda gani? (Arusha)

Kwanza haki yako: sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inampa anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Zitumie kukamua au kwenda nyumbani kama ni karibu.

Hesabu ya haraka ni ml 30 kwa kila saa utakayokuwa haupo, yaani kama ml 300 kwa siku yako. Anza leo kukamua mara moja kila asubuhi ili uwe na akiba. Nawa mikono. Weka kidole gumba juu na viwili chini, sentimita 2 hadi 3 kutoka kwenye chuchu. Sukuma kurudi nyuma kifuani, bana, achia. Usiteleze vidole kwenye ngozi. Zungusha mkono kila upande, dakika 3 hadi 5 titi moja, badilisha, rudia. Jumla dakika 20 hadi 30. Dakika ya kwanza huenda pakatoka matone tu, na wengi hukata tamaa hapo hapo. Endelea.

Maziwa hukaa saa 4 mahali pa nyuzi 25. Kwenye joto la Pwani usiyafikishe huko. Kwenye boksi lenye barafu ni saa 24, kwenye friji (ndani kabisa, si mlangoni) siku 4. Mafuta yakipanda juu hayajaharibika, tikisa taratibu. Yapashe kwa kuweka kikombe kwenye bakuli la maji ya moto, kamwe usiyachemshe. Dada wa nyumbani ampe kwa kikombe badala ya chupa. Chuchu ya chupa ni ngumu kuisafisha. Yaliyobaki kwenye kikombe yamwagwe ndani ya saa 2.

Mke wangu ana wiki ya tano. Halali hata mtoto akilala, analia, na juzi amesema mtoto angekuwa na mama mwingine ingekuwa heri. Ndugu wanasema ni majini. (Baba, Mwanza)

Ndugu yetu, sentensi hiyo ya juzi ichukue kwa uzito wote. Huzuni ndogo ya uzazi huanza siku ya 3 hadi ya 5 na huwa imeisha kabla ya wiki mbili. Wiki ya tano, bila usingizi, ni sonona (ugonjwa wa huzuni kali) baada ya kujifungua, na inatibika. Muulize waziwazi: "Umewahi kuwaza kujidhuru, au kumdhuru mtoto?" Swali halimpandikizii wazo, linampa nafasi ya kulitoa. Akisema ndiyo, nendeni hospitali leo hii, msingoje kesho.

Hata akisema hapana, mpeleke kliniki wiki hii. Hudhurio la nne la mzazi ni kati ya siku ya 29 na ya 42, kwa hiyo yumo ndani ya ratiba. Aombe kupimwa wingi wa damu pia. Matibabu ni mazungumzo na mtaalamu, na dawa ikihitajika. Zipo anazoweza kutumia huku akinyonyesha, kama sertraline. Nyumbani, mchukue mtoto wewe, mke apate usingizi wa saa 4 mfululizo. Akianza kusikia sauti, au kudai mtoto amebadilishwa, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo: hospitali, na asiachwe peke yake na mtoto.

Nikikohoa mkojo unanitoka. Ni fistula? (Kigoma)

Ukitoka kwa kukohoa au kucheka tu, ni misuli ya chini iliyolegea. Ibane kana kwamba unazuia ushuzi, hesabu hadi 5, achia, mara 10, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi 3. Ukitiririka usiku na mchana bila kukohoa, hapo ndipo tunapoishuku fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na hospitali ya CCBRT Dar es Salaam huitibu bila malipo.