Maswali ya wasomaji: Opioidi za mwilini na uzazi wa dume

SWALI: Salaam mhariri. Nasomea utabibu wa mifugo, Morogoro. Mwalimu alitueleza kwamba kipokezi cha opioidi (kemikali za jamii ya mofini), yaani sehemu ya seli inayozipokea, kinachoitwa delta kimepata jina lake kwenye kiungo cha uzazi cha dume. Nilidhani opioidi ni habari ya ubongo na maumivu tu. Imekuwaje?

JIBU: Mwalimu wako yuko sahihi kabisa. Delta ni d ya Kigiriki, nayo imetoka kwenye vas deferens, jina la kitabibu la mrija unaopitisha mbegu za kiume kutoka epididimisi, mrija uliojikunja nyuma ya korodani. Mwaka 1975 John Hughes, Hans Kosterlitz na wenzao, Aberdeen, Uskoti, walitangaza enkefalini mbili, yaani opioidi za mwilini, walizozitoa katika bongo za nguruwe. Kila moja ina asidi amino 5, na zimetofautiana ile ya mwisho tu: methionini au leusini. Walizitambua kwa kutazama zinavyotuliza mrija huo wa panya mdogo wa maabara. Mwaka 1977 kundi la Kosterlitz lililinganisha mrija huo na utumbo mwembamba wa simbilisi. Kwenye utumbo mofini ilifanya kazi vizuri, lakini kwenye mrija enkefalini ziliipita kwa mbali, na naloksoni, dawa inayozima opioidi, ilihitajika kwa kiasi kikubwa zaidi. Ikawa wazi kwamba pale kuna kipokezi cha aina nyingine.

Jaribio lenyewe bado linafaa kufundishia. Mrija wa panya dume aliyekomaa hutolewa mzima, ukakamuliwa taratibu hadi shahawa zilizobaki ndani zitoke, kisha ukafungwa uzi kila ncha na kuning'inizwa ndani ya maji ya Krebs (maji ya chumvi yanayofanana na ya mwilini), mililita 5 hadi 10, kwenye nyuzi 37. Maji hayo hupulizwa oksijeni asilimia 95 na kabonidayoksaidi asilimia 5. Uzi wa juu hufungwa kwenye kifaa cha kupimia mvuto, na mzigo usizidi gramu 0.5 hivi. Elektrodi za platinamu hutoa mshtuko wa milisekunde 1 kila sekunde 10. Kwa kila mshtuko neva humwaga noradrenalini na ATP, na mrija hujikunja. Ukitia opioidi, neva hazimwagi kama mwanzo na mikunjo hupungua.

Wengi hukwama kwenye maji. Krebs ya jaribio hili haitiwi magnesi, kwa sababu magnesi hushindana na kalsiamu kwenye ncha za neva na mikunjo huwa dhaifu tangu mwanzo. Enkefalini nazo huisha nguvu upesi kwa kuwa vimeng'enya vya mrija huzikatakata. Dawa za bestatini na thiofani huvizuia vimeng'enya hivyo. Mwisho tia naloksoni. Mikunjo isiporudi, usiandike kwamba umeona kazi ya opioidi. Na usibadilishe mnyama ukitegemea matokeo yaleyale: mrija wa sungura hufuata kipokezi kingine cha opioidi, kapa, wa hamsta hufuata delta.

SWALI: Je, korodani zenyewe hutengeneza opioidi, au zote hutoka kichwani?

JIBU: Hutengeneza. Seli za Leydig, zilezile zinazotoa testosteroni, hutoa pia opioidi iitwayo beta-endofini, yenye asidi amino 31. Inapofika kwenye seli za Sertoli, zinazolea mbegu, hupunguza mwitikio wa seli hizo kwa FSH, homoni inayochochea utengenezaji wa mbegu. Kwa panya wachanga huzuia seli hizo kuongezeka. Seli za mbegu nazo huwasha jeni la enkefalini, na mbegu za binadamu zina vipokezi vyote vitatu vya opioidi: mu, delta na kapa. Kichwani, opioidi iitwayo dainofini humaliza kila wimbi la GnRH, homoni ya ubongo inayoamrisha FSH na LH zitolewe. Kwa hiyo opioidi ni breki ya uzazi, juu kichwani na chini kwenye korodani.

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu ametumia tramadoli miezi minane kwa ajili ya mgongo. Hamu ya tendo imepotea, na tunatafuta mtoto. Je, ameharibika moja kwa moja?

JIBU: Marahaba, dada. Kwa walio wengi hali hii hurudi nyuma. Tramadoli ni opioidi, na dawa hizi hubonyeza breki tuliyoieleza hapo juu saa zote, hivyo LH, homoni inayoamrisha korodani kutoa testosteroni, hushuka, na testosteroni hushuka nayo. Apimwe testosteroni asubuhi kabla ya saa nne, siku mbili tofauti, pamoja na LH na FSH. Testosteroni ikiwa chini huku LH haijapanda, tatizo liko kwenye homoni za ubongo, si kwenye korodani.

Asiache tramadoli kwa ghafla. Daktari aipunguze hatua kwa hatua na kumtafutia tiba nyingine ya mgongo. Akishauriwa sindano za testosteroni, aseme wazi kwamba mnatafuta mtoto, kwani sindano hizo huzima LH na FSH, na mbegu huweza kuisha kabisa.

Kipimo cha mbegu kifanywe baada ya siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Shahawa zote ziingie kwenye chombo, hasa tone la kwanza lenye mbegu nyingi, bila mafuta wala kondomu ya kawaida, na zifike maabara ndani ya saa moja zikiwa zimewekwa karibu na mwili zisipoe. Kwa mwongozo wa WHO wa 2021, mpaka wa chini ni mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, na asilimia 42 ziwe zinatembea. Mbegu huchukua siku 74 hivi kutengenezwa, kisha hupita epididimisi, kwa hiyo arudie kipimo miezi mitatu baada ya kuacha dawa, si wiki mbili.